Mtungi Uitwao Tisa

"Kwani wewe leo huinuki?"

"Nikiinuka nitaanza kutafuta kwa miguu," Nhan akajibu kutoka kwenye bembea yake ya kamba. "Niache kwanza nitafute kwa kichwa, wifi yangu."

"Kichwa gani? Basi la kutoka Saigon limeondoka huko alfajiri. Mdogo wangu Ba akiingia hapa akute madhabahu ya mama haina bakuli lake, nimwambieje? Mke wa Ut amelala?"

"Mwambie anatafuta."

"Kwako wewe kulala na kutafuta havina tofauti."

Dada Hai alikuwa amesimama katikati ya ua, nyundo ndogo ya mti mkononi, wingu jeusi limemning'inia juu ya kofia yake ya majani. Alitaka waanze na mtungi ulio karibu na banda la bata, wachomoe kizibo, waonje, wazibe, waende wa pili, wa tatu, hivyo hivyo mpaka wafike kwenye tangi la maji. Na mitungi yenyewe ni arobaini na kitu, imepangwa mstari mmoja kama watu wanaomngoja daktari. Mimi nilikuwa kizingitini nachambua majani ya karamu, mikono ikiwa yangu na masikio yakiwa yao.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Marehemu mama mkwe wa Nhan alikuwa mpishi wa maji ya dagaa, yale ya kuungia wali yanayochujika kwa dagaa waliolazwa na chumvi mtungini miezi na miezi, ambaye hajatokea mwingine. Siwadanganyi: upepo ukivuma kutoka kwake, watu wa kijiji cha pili walikula wali mtupu wakashiba. Huku kwetu kusini tunaitana kwa namba tulizozaliwa nazo. Mimi ni Sau, yaani Sita. Ba ni Tatu. Ut, marehemu mume wa Nhan, hakuwa na namba, maana kitinda mimba huitwa Ut tu. Hai ndiye kifungua mimba wa nyumba ile. Yule mama aliipenda desturi hii hata mitungi yake akaiita hivyo hivyo kama watoto, kila msimu wa dagaa akianza upya. Na mtungi wa mwisho aliojaza kwa mikono yake, kabla kifua hakijamshinda, uliitwa Chin, yaani Tisa. Aliacha neno kwamba Chin asiguswe mpaka siku wanawe watakapovua vitambaa vyeupe vya msiba. Siku hiyo ndiyo bakuli la kwanza kutoka kwa Chin liwekwe kwenye madhabahu, mbele ya picha yake.

Siku yenyewe ilikuwa ndiyo hii. Na Ba, mtoto wa kiume mkubwa, alikuwa njiani anakuja. Ulimi wa Ba haudanganyiki. Tangu utotoni alikuwa akionja dagaa anakutajia mashua, mwenye mashua, na kama siku hiyo mwenye mashua aligombana na mkewe. Ndiye aliyetakiwa kusema nani atabaki na ua wa mitungi. Kwa desturi ua ulikuwa wa Ut, lakini Ut bahari imemchukua, hakumwachia mkewe mtoto, kamwachia mitungi. Dada Hai alikuwa amekwisha kusema lake mbele ya majirani wote: kama huyu mwanamke wa kaskazini hawezi hata kuutambua mtungi wa mama mkwe wake, akabidhi upawa, arudi kwao Nam Dinh. Nhan hakubisha. Alisema asipoupata atafunga mzigo mwenyewe, ila asaidiwe kuubeba.

Basi niwaambie huyu Nhan ni mtu gani, maana anayemsikia leo anaweza kumdhania mjinga.

Nhan ni mvivu. Nalisema hili kwa heshima, kama mtu anavyosema fulani ni mhunzi. Nimeishi na wavivu wengi, nimeolewa na mmoja, lakini wengine wote ni wanafunzi tu. Nhan amefunga kamba kutoka kwenye bembea yake: moja inavuta mlango wa jiko, moja inafungua banda la bata, moja inatikisa kengele kwangu, nami naenda mbio nikidhani kuna habari, kumbe anataka nimchotee chai. Bata wake amewafundisha kurudi wenyewe jioni na wa mwisho kufunga mlango. Alipoletwa bibi harusi, jambo la kwanza alilolalamikia ni kwamba bahari iko mbali, dagaa wanamchosha kubeba. Bahari ikasikia. Mwaka baada ya mwaka ikasogea, ikala minazi, ikala uwanja wa mpira na goli moja, mpaka ikaja kupiga hodi kwenye ua wa mitungi.

Lakini uvivu wa Nhan una kazi yake. Mwaka ule bomba refu la mpira lilipoziba, lile linaloleta maji bustanini kwetu kutoka kilimani, wanaume walianza juu, wakakata kiungo baada ya kiungo, wakipuliza kila kimoja kama wapiga tarumbeta. Nhan akapita na kikapu chake, akawauliza kwa nini hawakati katikati wakaona kama maji yamefika. Kama yamefika, basi nusu ya juu haina kosa, waiache. Wakacheka, wakakata katikati. Maji yakawalowesha. Wakaenda nusu ya chini, wakakata katikati yake tena. Kabla wali haujaiva walikuwa wamemtoa chura aliyenenepa kiasi kwamba alitoka na hasira, hakumsalimia mtu. Tangu hapo mtu akipoteza kitu mtaani kwetu haendi kwa mganga, anakwenda kwenye bembea.

Ila hii mitungi ilikuwa na mkosi wake. Bahari ilipofika uani, mwaka jana, kijiji kizima kilitoka kuihamishia mitungi huku. Kila mtungi ulibebwa na wanaume wanne, na wa tano wa kutukana. Kule ufukweni ilikuwa imepangwa kwa umri: mkubwa langoni, na kila unaofuata ni mdogo wake, mpaka kwa mdogo kabisa karibu na kisima. Lakini mkokoteni wa ng'ombe haukupita langoni. Ulipita kwenye tundu la uzio, mahali fulani katikati. Wakaanza kupakia hapo hapo, wakaenda mpaka kisimani, kisha wakarudi langoni kubeba iliyobaki. Ut akawa huku anapokea na kupanga, banda la bata kwenda tangini, kama ilivyokuja. Yeye peke yake alijua ni mtungi gani uliotangulia, naye hakumwambia mtu, maana nani angeuliza? Miezi michache baadaye alitoka na mashua, mashua ikarudi bila yeye. Ukiwauliza wale wapagazi leo, kila mmoja anakuonyesha mtungi wake na anaapa. Siku ile walikuwa wamekunywa pombe ya mchele mpaka ng'ombe naye akayumba.

"Nasema hivi," Dada Hai akaendelea, "tukianza huku na kuonja mmoja mmoja, hatuwezi kumkosa."

"Tutampata," alisema Nhan, "na wenzake wote tutakuwa tumewaamsha. Mama alisema nini juu ya mtungi uliochomolewa kabla ya siku yake?"

Dada Hai akageuza nyundo mkononi. Sote tulilijua jibu, maana mama yake alilisema kila siku: mtungi uliochomolewa ovyo hununa, maji yake yanachafuka, na usitegemee utakusamehe kabla ya mwezi. Na kufungulia juu ndiko kubaya zaidi: vifuniko vyote vilikuwa vimezibwa kwa udongo pembeni, na mvua ilikuwa pale pale juu inachagua pa kuangukia. Tone la mvua ndani ya mtungi ni kilio.

Ndipo Nhan akashusha mguu mmoja chini. Nikajua kuna jambo.

Alimuuliza wifi yake kama Ut aliipanga mitungi kwa kufuata ilivyokuja. Ndiyo. Kama kuna aliyebadilishana nafasi na mwenzake njiani. Hakuna, nani angethubutu mbele ya Ut?

"Basi mstari haukuvurugika," akasema. "Umekatwa mahali pamoja tu, na kipande cha mbele kikawekwa nyuma. Ni kama ukoo uliopangwa kwa umri kwa ajili ya picha. Kutoka hapa bandani kwenda tangini, kila mmoja ni mdogo wa aliyemtangulia. Isipokuwa sehemu moja. Sehemu moja tu kitoto kichanga kimesimama, na anayekifuata ni bibi kizee. Huyo bibi kizee ndiye wa kwanza wa msimu wa mwisho wa mama, maana ya misimu ya nyuma ilikwisha kuuzwa. Nikimpata yeye, nahesabu mpaka kwa Chin."

"Na utampataje bila kupita kwa kila mmoja?"

"Kwa kutopita."

Aliinuka. Bata wakatoka bandani kumwangalia.

Chini ya kila mtungi pana mrija wa mwanzi uliozibwa. Nhan alikwenda kwa wa kwanza, ule wa bandani, akagonga kizibo kidogo, akakinga kijiko, akazibua tone na kuziba upesi. Maji yalikuwa rangi ya chai nzito. Akayaweka ulimini, akafumba macho. Akasema huyu ni mtu mzima kiasi, na ndiye tutakayempimia wenzake. Kisha akaiacha mitungi yote inayofuata, akatembea mpaka katikati ya mstari, Dada Hai nyuma yake akilalamika kwamba hawa walioachwa watasemaje.

Wa katikati ulitoa maji mepesi, rangi ya manjano, yenye harufu ya mashua bado.

"Huyu ni mdogo kuliko yule wa bandani," Nhan akasema. "Kwa hiyo kutoka bandani mpaka hapa wamepungua umri kwa utaratibu, hakuna bibi kizee aliyejichomeka. Hawa wote tuwaache walale. Yuko mbele."

"Na kama amejificha humo?"

"Angejichomeka humo, wifi, huyu wa katikati angekuwa upande wake, na angekuwa mkubwa kuliko wa bandani. Mtoto hawezi kumzaa bibi yake."

Dada Hai alitazama nyuma, akatazama mbele, akahesabu kitu kwa midomo. Nikaona nyundo inashuka kidogo.

Nhan akaenda katikati ya nusu iliyobaki. Akagonga, akaonja. Haya yalikuwa mekundu ya kahawia, mazito, yakishika kijiko kama asali. Mkubwa kuliko wa bandani. Basi huyu tayari yuko upande wa bibi kizee, na bibi kizee ni yeye mwenyewe au yuko kati yake na yule wa katikati. Mbele huko mpaka tangini hakuna haja. Akarudi, akaonja kati ya hao wawili, akakuta mdogo. Akasogea mbele, akakuta mkubwa. Kila mara nusu ya waliobaki inaachwa ilale. Kufikia hapo Dada Hai alikuwa amekwisha kusahau kulalamika, yeye ndiye anayeshika kijiko, na mimi nimeacha majani, nimesogea mpaka nikakaa juu ya kinu.

Mwisho ilibaki miwili bega kwa bega. Wa kushoto ulitoa maji ambayo bado yanakumbuka kuogelea. Wa kulia ulitoa tone jeusi, na harufu yake ilipopanda, mbwa wangu, ambaye amekufa muda mrefu, nadhani alibweka.

"Shikamoo bibi," Nhan akauambia mtungi.

Nakiri kuwa nimewaona watu wengi wakitafuta vitu. Nimewaona wakipindua nyumba, wakilia, wakimsingizia jirani. Sijamwona mwingine anayetafuta kwa kujua mahali pasipo haja ya kutafuta. Alikuwa ameonja mitungi ambayo ningeweza kuihesabu kwa vidole vya mikono, na iliyobaki yote, huku na huku, haikujua kama siku ile kulikuwa na shida.

Sasa ikabaki kumhesabu Chin. Hapo ulimi hausaidii, maana mitungi ya msimu mmoja inapishana siku chache, inafanana kama mapacha. Lakini Chin alikuwa na alama ndani. Kila mtungi juu ya dagaa huwekwa jiwe la kukandamiza. Yule mama kwa Chin alikuwa hana tena nguvu za mawe, akaweka mchi wake wa mti wa mpera. Kifuniko kimoja tu ndicho kingevunjwa udongo siku ile, ndivyo walivyokubaliana, na wingu lile juu hakuna aliyetaka kulijaribu.

Nhan akaanza kwa bibi kizee, akagusa kila mtungi begani, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Akachukua kisu, akazungusha kwenye udongo. Akainua kifuniko, akaondoa majani.

Hakukuwa na mchi. Palikuwa na jiwe la nanga, la mviringo, lenye tundu, na kwenye tundu kipande cha kamba ya buluu iliyofungwa fundo.

Fundo lile kila mtu alilijua. Ut hakujua kufunga fundo jingine. Huo ulikuwa mtungi wake wa kwanza, alioujaza baada ya mama yake kufa.

Nhan alisimama na kifuniko mikononi. Huyu mtu mwenye jibu kwa kila kitu alilitazama lile fundo kana kwamba limemwita. Kisha akakirudisha kifuniko polepole, akafuta mikono kwenye suruali, akatazama upande wa nyumba, mahali ulipo mfuko wake wa safari. Nikajua anakwenda kwao.

Dada Hai alikuwa ameshinda. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Lakini naye alikuwa ameliona fundo la mdogo wake, na mashavu yake yakaanza kutetemeka, nikadhani analia. Kumbe ni kicheko kinatafuta mlango. Alicheka akashika mtungi, akacheka mpaka tambuu ikamwangukia kifuani.

"Wewe mwanamke wa kaskazini," akasema alipopata pumzi. "Mimi nilizaliwa wa ngapi?"

"Wa kwanza," Nhan akasema, hana hamu.

"Na naitwa nani?"

"Dada Hai."

"Hai ni ngapi?"

Nhan akafungua kinywa. "Mbili," akasema, kisha akakaa chini pale pale mchangani.

Maana huko kwao kaskazini mtoto wa kwanza ni wa kwanza. Huku kwetu hatumwiti mtu Moja. Wengine wanasema ni ili shetani anayewinda vifungua mimba akija asimpate, apige hodi nyumba nzima akiulizia Moja, aambiwe humu hayumo, aondoke. Wengine wana sababu nyingine. Mimi naipenda hiyo ya shetani, kwa sababu namuonea huruma. Kwa hiyo mtungi wa kwanza wa yule mama uliitwa Hai, na Tisa wake ni wa nane. Nhan ameolewa kwetu miaka yote hii, anawaita watu namba zao kila siku, na hakuwahi kuuliza Moja yuko wapi.

"Umepita nyumba ya mama," Dada Hai akamwambia, "ukaenda kulala kwa mumeo. Sikulaumu."

Wakaziba mtungi wa Ut kwa udongo mpya wao wawili, na Dada Hai ndiye aliyeulainisha kwa kiganja, akachukua muda kuliko ilivyohitajika. Kisha wakarudi nyuma hatua moja, wakafungua wa nane. Mchi wa mpera ulikuwa umelala juu ya dagaa, umekuwa mweusi kama kaa. Nhan akafunika haraka, akapiga magoti, akachomoa kizibo. Maji yakashuka kwenye bakuli bila sauti. Siwezi kuwaeleza ile harufu. Bata walikaa chini. Mvua iliyokuwa juu, nawaapia, ilisogea kando ikaenda kunyesha kwa watu wengine.

Bakuli likawekwa mbele ya picha, pamoja na nyama, wali na majani yangu. Dada Hai akawasha vijiti vya ubani. Bado moshi haujanyooka, wakaanza upya.

Dada Hai akasema ukweli ni ukweli, kosa limetokea, na Ba lazima aambiwe kwamba mke wa Ut alivunja udongo wa mtungi usiohusika. Nhan, ambaye alikuwa amekwisha kurudi kwenye bembea, akasema vizuri sana, aambiwe pia ni nani aliyemfungulia macho. Dada Hai akasema hilo halina haja ya kutajwa, hakufungua macho ya mtu, yeye alicheka tu.

"Ulinicheka ukanisaidia."

"Nilikucheka. Kusaidika ni shauri lako."

"Basi nitamwambia mimi mwenyewe. Nitasema, shemeji, dada yako alinitaka niondoke, halafu akanishika mguu."

"Jaribu. Nitamwambia kuhusu zile kamba zako zote, na kwamba bata ndio wanaofunga mlango."

"Hilo Bibi Sau amekwisha kulieneza mpaka Saigon."

Nikasema mimi sijaeneza, nimehadithia tu. Dada Hai akanigeukia, akanyoosha kidole, na nadhani ndiyo ingekuwa zamu yangu.

Lango likalia. Ba akaingia na begi lake begani, vumbi la safari kwenye nyusi, nywele zimekuwa nyeupe. Hakumwona yeyote kati yetu. Alisimama pale pale langoni, pua juu, kisha begi likamteleza taratibu mpaka chini, na akaita kuelekea jikoni kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa akirudi kutoka shule:

"Mama, wali umeiva?"

Kidole cha Dada Hai kikabaki hewani.